Tarantula mkononi: hatari iko wapi hasa?

Anayeuliza kama tarantula ni hatari hupewa majibu mawili yasiyopatana. Wauzaji wa wanyama wa kufugwa wa Ulaya na Marekani humwambia kwamba buibui huyu mkubwa mwenye manyoya ni mpole, kwamba kung'atwa naye hakuzidi kuumwa na nyuki, na kwamba hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimetokana na sumu yake. Madaktari waliowahi kuwatibu watu waliong'atwa na aina fulani za Asia na Afrika humsimulia mengine kabisa: misuli inayokakamaa kwa siku kadhaa, maumivu yanayomkosesha mtu usingizi, na mkakamao unaorudi baada ya mgonjwa kudhani kwamba amepona. Pande zote mbili zinasema kweli, kwa sababu hazizungumzii mnyama mmoja. Familia ya Theraphosidae, ambayo ndiyo ya tarantula, ina spishi zaidi ya 1,000, na tofauti kati yao ni kubwa kiasi kwamba ushauri unaofaa kwa mmoja unaweza kumlaza hospitali anayeufuata kwa mwingine. Swali linalopata jibu la maana ni lile linalotaja ni buibui gani, anajitetea kwa silaha ipi, na hatari inayozungumzwa inamkabili nani. Hilo la mwisho huulizwa mara chache, ilhali katika kumshika tarantula anayeumia zaidi mara nyingi si yule mwenye mkono.

Mgawanyo wa kwanza ni wa kijiografia. Tarantula wengi wa Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina na Chile, wana vinyweleo vinavyowasha, ambavyo huvitumia kama kinga ya kwanza, na wengi wao ni wazito wa kung'ata. Wale wa Afrika, Asia na Australia hawana vinyweleo hivyo. Aliyenyimwa silaha hiyo hutegemea kasi na meno, na kwa jumla sumu yake ni kali zaidi. Mpaka huu una mianya: tarantula wa jenasi ya Psalmopoeus ni wa Amerika, lakini hawana vinyweleo vya kurusha, wana mbio, na hung'ata bila kusita sana. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujua ajihadhari na nini, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni asili ya buibui, kabla ya kuuliza habari za upole wake.

Tuanze na vinyweleo, kwa sababu ndivyo vinavyowadhuru wafugaji mara nyingi zaidi ingawa havitajwi sana. Huota juu ya tumbo, hasa upande wa nyuma. Buibui akihisi kutishwa humpa adui mgongo, akalisugua tumbo kwa miguu ya nyuma kwa kasi, na vinyweleo kwa maelfu vikapaa hewani. Kila kimoja ni kifupi, mara nyingi chini ya milimita 1, kina ncha kali na vijimiiba vilivyoelekea upande mmoja, hivyo kikishaingia kwenye ngozi kila msuguano hukisogeza ndani badala ya kukitoa. Aliyewahi kupita kwenye kichaka cha upupu uliokauka anaifahamu hali hii: huoni chochote mwilini, ila shingo na mikono vinawasha moto, na kadiri unavyojikuna ndivyo unavyozidisha. Wataalamu wamevigawa vinyweleo hivi katika aina saba kufuatana na umbo na namna vinavyotumika. Vingine havirushwi kabisa. Tarantula wa mitini wa jenasi ya Avicularia humsukumia adui tumbo na vinyweleo vikamwingia kwa kugusana tu. Vinavyowasha kupita vyote ni vya akina Theraphosa blondi wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini, anayehesabiwa kuwa buibui mzito kuliko wote duniani kwa kufikia gramu 170 hivi. Buibui aliyekwisha kujitetea mara nyingi hutambulika kwa kipara: sehemu ya juu ya tumbo hubaki tupu na kung'aa, mpaka siku atakapojivua gamba na kuota vinyweleo vipya.

Ngozi hupona. Kuwasha huisha baada ya saa au siku chache, na dawa za mzio pamoja na krimu ya kupunguza uvimbe husaidia. Tatizo kubwa ni jicho. Mwaka 2009 mwanamume mwenye umri wa miaka 29 alifika katika hospitali ya St James's mjini Leeds, Uingereza, akiwa na jicho lililokuwa jekundu, linatoa machozi na haliwezi kuvumilia mwanga kwa muda wa wiki 3. Alikuwa amekwisha kutibiwa kama mwenye maambukizi ya kawaida ya macho, bila nafuu. Madaktari walipolitazama jicho kwa lenzi za kukuza waliona nyuzi nyembamba sana zimechomeka kwenye konea, ile sehemu ya mbele ya jicho inayopitisha mwanga. Walipomweleza walichokiona, ndipo alipokumbuka kwamba kabla ya kuanza kuugua alikuwa akisugua doa gumu kwenye kioo cha tangi la tarantula wake wa Chile, akahisi kitu kinasogea nyuma yake, na alipogeuka wingu la vinyweleo likamfikia usoni. Vilikuwa vidogo kiasi kwamba hata vibano vidogo kabisa vya upasuaji havikuweza kuvitoa, na ilibidi atibiwe kwa matone ya steroidi ili kutuliza uvimbe. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la The Lancet.

Mambo mawili katika kisa hicho yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba mtu yule hakuwa amemshika buibui. Alikuwa akisafisha tu. Vinyweleo hukaa ndani ya tangi, kwenye utando, kwenye udongo, na kwenye gamba kuukuu ambalo wafugaji hupenda kulihifadhi kama kumbukumbu, na huendelea kuwasha hata buibui mwenyewe akiwa hayupo karibu. Anayemshika buibui kisha akajipangusa jasho usoni amefanya kosa lilelile kwa njia fupi zaidi. La pili ni kwamba daktari hakuwa na namna ya kukisia chanzo mpaka mgonjwa alipotaja tarantula. Kwa sababu ya vile vijimiiba, kinyweleo kilichoingia kwenye konea kinaweza kusafiri taratibu hadi sehemu za ndani za jicho na kusababisha uvimbe wa muda mrefu, jambo ambalo dawa za kuua bakteria haziwezi kulizuia. Mfugaji ambaye jicho lake limeanza kuwasha anapaswa kuliosha kwa maji mengi safi, asilifikiche kwa hali yoyote, aende kwa daktari wa macho, na sentensi ya kwanza atakayomwambia iwe kwamba anafuga tarantula.

Kuna pia suala la mwili kuzoea, ambalo huenda kinyume na matarajio. Watu wengi hudhani kwamba aliyefuga kwa miaka mingi huwa sugu. Kwa vinyweleo mara nyingi mambo hugeuka: mwili uliokutana navyo tena na tena unaweza kuzidi kuwa mwepesi wa kuchukizwa, na mfugaji ambaye mwanzoni alikuwa akiwashwa kidogo anajikuta baada ya miaka kadhaa akivimba mikono, au akipiga chafya na kukohoa kila anapofungua tangi.

Sasa tuje kwenye meno. Tarantula ana meno mawili ya sumu yanayoshuka wima, sambamba, tofauti na yale ya buibui wadogo wa nyumbani yanayokutana kama mkasi, na kwa spishi kubwa urefu wake hupimwa kwa sentimita. Hata kama hakuna tone la sumu lililoingia, jeraha lenyewe ni tundu mbili za kina zinazohitaji kusafishwa vizuri, na aliyepata jeraha hilo anapaswa kuhakikisha kwamba chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Ni kweli kwamba baadhi ya ng'ato huwa kavu, kwani sumu ni mali ya kuwindia na buibui hana sababu ya kuimwaga kwa adui asiyelika. Ni kweli vilevile kwamba spishi zinazouzwa kwa wingi kwa wanaoanza, kama Grammostola wa Chile na Brachypelma wa Mexico wenye magoti mekundu, wakimng'ata mtu humwachia maumivu na uvimbe wa mahali palepale, yakaisha. Ile kauli ya kuumwa na nyuki ilitokana na wanyama hawa, na kwao inafaa. Makosa yalianza ilipobebwa na kuwekwa juu ya familia nzima.

Mfano unaoonyesha kosa hilo ni Poecilotheria, tarantula wa mitini wa India na Sri Lanka, wenye mapambo ya kijivu, nyeusi na manjano yanayowafanya wapendwe sana na wakusanyaji. Mwaka 2014 watafiti wa Uswisi walichapisha uchambuzi wa ng'ato za jenasi hii zilizokuwa zimeripotiwa, na wakahitimisha kwamba uzito wake kitabibu ulikuwa umepuuzwa. Dalili inayozitambulisha ni mkakamao mkali wa misuli, ambao haubaki kwenye kiungo kilichong'atwa na ambao huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Kuchelewa huko ndiko kunakowapotosha watu. Mtu anang'atwa jioni, anaona kidole kimevimba kidogo, anatuma picha kwa wenzake akijisifu kwamba si kitu, kisha usiku wa manane anaamshwa na misuli ya paja iliyokaza kama jiwe. Kwa kuwa hakuna dawa mahususi ya kuondoa sumu ya tarantula, hospitali humtibu kwa dawa za maumivu na za kulegeza misuli, na kumwangalia mpaka hali itulie.

Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii, ingawa watu wa huku hawana desturi ya kufuga buibui. Mmoja wa tarantula wanaojulikana zaidi katika masoko ya Ulaya na Marekani ni Pterinochilus murinus, anayepatikana Kenya, Tanzania na nchi nyingine hadi kusini mwa bara, na ambaye aina yake ya rangi ya chungwa huuzwa kwa jina la Usambara. Sifa yake kwa wafugaji ni moja: hana subira. Ukifungua kifuniko cha tangi lake, hainui tu miguu ya mbele kama wenzake. Hujitupa nyuma mpaka karibu alale chali, miguu minne imetanuka juu, meno yamefunguka, na ukimsogelea hushuka kwa pigo na kupiga tena. Katika ardhi ya Kenya na Tanzania yupo pia Pelinobius muticus, mkubwa wa rangi ya kutu, mwenye miguu ya nyuma minene anayochimbia shimo refu, na anayetoa sauti ya mkwaruzo kwa kusugua viungo vyake pale anapoonya. Kwa mkulima anayelima kwa jembe buibui hao si tishio kubwa, kwa sababu hukaa mashimoni mwao na hawamfuati mtu. Kwa anayewashika kwa mkono mtupu sebuleni kwake, ni spishi ambazo hata wafugaji wazoefu hushauriana wasiziguse, maana ng'ato yake ni ya maumivu makali na inaweza kuambatana na mkakamao.

Kwa nini sumu isiyoua inaumiza kiasi hicho? Maelezo yamepatikana katika miaka ya karibuni, nami naona ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote. Sumu ya tarantula ni mchanganyiko wa protini ndogo nyingi, na nyingi kati yake hulenga njia za ioni, yaani vitundu vilivyo kwenye utando wa neva ambavyo hufunguka na kufungika ili neva ipeleke ujumbe. Mwaka 2006 kundi la watafiti akiwemo David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na mwenzake, lilionyesha kwamba sumu ya Psalmopoeus cambridgei wa Trinidad hufungua kipokezi kilekile ambacho pilipili hukifungua. Mwaka 2016 ikaelezwa kwamba sumu ya Heteroscodra maculata wa Afrika Magharibi ina protini zinazochochea njia moja ya sodiamu katika neva za maumivu, ambayo kabla ya hapo haikudhaniwa kuhusika sana na maumivu ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, ukali wa maumivu hauonyeshi kwamba nyama imeharibika. Sumu imeibonyeza neva moja kwa moja. Mnyama anayetaka kumkimbiza nyani au ndege hahitaji kumuua, anahitaji kumfanya aachie sasa hivi.

Ndiyo maana hoja ya kwamba hakuna aliyekufa haitoshi. Kwanza, haisemi lolote kuhusu mtu mwenye ugonjwa wa moyo, mtoto mdogo, au mwenye mzio. Pili, haiwahusu wanyama wengine wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nchini Australia ulikusanya ng'ato 9 za binadamu na 7 za mbwa zilizotokana na tarantula wa nchi hiyo. Binadamu walipata madhara madogo. Mbwa wote 7 walikufa, baadhi yao ndani ya saa chache tu, na katika visa viwili mwenye mbwa naye aling'atwa na buibui yuleyule baada ya mbwa wake, akapona bila shida kubwa. Anayefuga tarantula na mbwa chini ya paa moja ana sababu nzuri ya kutomtoa buibui kwenye tangi kwa ajili ya kujifurahisha.

Akishang'atwa mtu, hatua za mwanzo ni nyepesi: kuosha jeraha kwa maji na sabuni, kuvua pete kabla kidole hakijavimba, kuweka kitambaa cha baridi, kunywa dawa ya maumivu na kutokaa peke yake usiku wa kwanza. Kukata jeraha, kulinyonya au kuufunga mkono kwa kamba huongeza madhara. Mkakamao wa misuli, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuvimba uso ni sababu ya kwenda hospitali mara moja, na ni vizuri jina la kisayansi la buibui liwe limeandikwa kwenye tangi, kwa sababu majina ya madukani hubadilika kila mwaka.

Imebaki hatari ya upande wa pili. Mtu anapoona tarantula ametulia kwenye kiganja husema kwamba amemzoea. Buibui huyu ana macho manane yasiyoona mbali, na dunia yake huijua kwa mitikisiko, mikondo ya hewa na ladha anayoipata kwa vinyweleo vya miguuni. Kiganja kwake ni ardhi yenye joto isiyo na mahali pa kujificha. Kutulia kwake ni kutulia kwa mnyama asiyejua akimbilie wapi, na pumzi moja ya ghafla ya anayemtazama yatosha kumfanya atimke kuelekea begani. Hakuna ushahidi wa maana kwamba kumshika mara kwa mara humfuga moyo. Buibui yuleyule aliyetembea mkononi Jumatatu anaweza kuinua miguu ya mbele Alhamisi, hasa akikaribia kujivua gamba.

Na hapo ndipo anapoanguka. Tumbo la tarantula ni mfuko wenye ukuta mwembamba, na majimaji yanayomfanyia kazi ya damu hayapiti kwenye mishipa ya kufungika kama yetu. Yamejaa mwilini kwa shinikizo. Shinikizo hilohilo ndilo linalonyoosha miguu, kwa kuwa baadhi ya viungo vyake vikuu vina misuli ya kukunjia bila ya kunyooshea. Buibui mzito wa ardhini akidondoka kutoka usawa wa kifua cha mtu hadi kwenye sakafu ya vigae, tumbo linaweza kupasuka, na kinachofuata ni miguu kujikunja taratibu chini ya mwili. Wafugaji hujaribu kuziba ufa mdogo kwa wanga wa mahindi au gundi, na mara chache hufanikiwa. Jike wa Brachypelma huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na jenasi yake yote inalindwa na mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kumpoteza kwa sababu ya picha ni hasara isiyolingana na faida. Hatari hii pia haitenganishwi na zile za mwanzo, maana anayewashwa ghafla au kung'atwa hukung'uta mkono kabla hajafikiri.

Mkono wenyewe unaweza kuwa na sumu. Dawa ya kufukuza mbu, dawa ya kupulizia wadudu, hata ile ya kuua viroboto wa paka, zimetengenezwa kufukuza au kuua viumbe wenye neva zinazofanana na za buibui, na mabaki yake kwenye vidole hayaonekani. Aliyetoka kujivua gamba yuko katika hali mbaya zaidi: ngozi yake ni laini, na meno yake huwa meupe kwanza, yakageuka mekundu, kisha meusi kadiri yanavyokomaa kwa siku kadhaa. Kabla hayajawa meusi hapaswi hata kulishwa, seuze kushikwa.

Wapo wanaotetea kumshika kwa hoja ya elimu: mtoto anayemwona buibui akitembea kwenye mkono wa mwalimu hupunguza hofu. Sikatai kwamba hofu hupungua. Nadhani tu kwamba hupungua vilevile buibui akiwa nyuma ya kioo, na kwamba somo la kumheshimu mnyama asiyetaka kuguswa lina manufaa zaidi kwa mtoto atakayekutana na buibui wa porini ambaye hajui kama ni mpole.

Kazi za lazima hazihitaji kiganja. Kumhamisha tarantula hufanyika kwa chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga na kipande cha karatasi ngumu: chombo huwekwa mbele yake, brashi laini ya rangi humgusa miguu ya nyuma, akaingia mwenyewe, kisha karatasi ikaziba mdomo. Yote hufanyika karibu na sakafu, mlango wa chumba ukiwa umefungwa na mbwa akiwa nje. Mabaki ya chakula huondolewa kwa koleo ndefu. Kwa spishi za Amerika, miwani ya kukinga macho na glavu huvaliwa wakati wa kusafisha tangi hata kama buibui amekwisha kuwekwa kando, glavu hizo hazitumiki kugusia uso, na gamba kuukuu hutolewa kwa koleo likatiwa kwenye mfuko unaofungwa.